Kwani Kufuata Mvua ni Tusi?

Mwaka jana riwaya moja ya Kiingereza iliingia katika chumba cha walimu cha shule ninayofundisha hapa Garbatulla. Ililetwa na binti wa mwenzetu mmoja aliyerudi likizo kutoka chuo kikuu. Inaitwa Nine Perfect Strangers, na mwandishi wake ni Liane Moriarty wa Australia, aliyeichapisha mwaka 2018. Yasimulia habari za watu tisa, wengi wao wasiojuana, waliokwenda kukaa siku kumi katika nyumba ya mapumziko na tiba iliyo mbali na mji, wakitumaini kutoka humo wakiwa watu wapya. Wananyang'anywa simu, wanaamriwa wanyamaze kwa siku kadhaa, wanapunguziwa chakula, na mwenye nyumba, ambaye anajiona mponyaji, anawatilia dawa za kulevya katika vinywaji bila wao kujua. Na haya yote wameyalipia fedha nyingi.

Kitabu hicho kilizunguka mikononi mwetu muhula mzima. Mwalimu wa hisabati alicheka hadi machozi yakamtoka. Alisema kwamba hapa kwetu, tangu mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022, njaa imekuwa ikigawiwa bure, naye hakujua kuwa kuna watu wanaoinunua. Mwalimu wa dini hakupendezwa na kicheko hicho. Kufunga na kunyamaza, alisema, si mambo ya kudharauliwa. Dhambi ya yule mama ni kumtibu mtu bila idhini yake. Lakini aliyetunyamazisha sote ni mwenzetu mmoja, mama wa makamo, ambaye alizikwa mwanawe miaka michache iliyopita. Katika kitabu hicho wamo mume, mke na binti yao wanaoomboleza kijana wao aliyejitoa uhai. Mama huyu alisema kwamba hakuona ajabu watu hao kwenda kutafuta faraja kwa wasiowajua. Majirani huja kuhani, wakala, wakaomba dua, wakaenda zao. Na baada ya hapo hakuna anayethubutu kulitaja jina la marehemu mbele ya mzazi wake. Mgeni hulitaja, kwa kuwa hajui kwamba amekatazwa.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu katika mjadala ule wote hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza jibu sahihi ni lipi. Kila msomaji alikuja na maisha yake, akayaweka mezani kando ya kitabu. Nami nilipokuwa nikirudi nyumbani jioni moja, nilijiuliza ni lini nimewahi kuwaruhusu wanafunzi wangu wasome hivyo. Jibu halikunifurahisha.

Tunayo riwaya yetu wenyewe ya watu wasiojuana waliokutanishwa na maumivu, nayo ni Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Ilitahiniwa katika mtihani wa kidato cha nne kuanzia mwaka 2018 hadi 2022, kisha nafasi yake ikachukuliwa na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Hakuna katika Chozi la Heri anayelipa fedha ili akae na wageni. Vurugu zinazuka baada ya uchaguzi, nyumba zinachomwa, na daktari Ridhaa, ambaye amempoteza mkewe na karibu watoto wake wote, anajikuta kambini pamoja na watu wengine waliofukuzwa makwao. Baadaye, katika Shule ya Tangamano, Umulkheri na wenzake, akina Kairu, Mwanaheri, Zohali na Chandachema, wanasimuliana mmoja baada ya mwingine yaliyowafika. Kwangu mimi huo ndio moyo wa kitabu: wasichana wasio na mganga wala dawa, wanapokezana simulizi zao.

Sasa niungame. Katika mtihani wa ndani wa muhula nilitunga swali la alama nne kuhusu jina "mfuata mvua", ambalo Ridhaa aliitwa tangu utotoni na wale waliomwona kuwa mgeni katika ardhi yao. Mwongozo niliokuwa nao ulieleza kwamba hilo ni jina la kudunisha, lenye kuonyesha ukabila na ubaguzi. Jibu hilo ni sawa kabisa; ndivyo jina linavyotumika katika riwaya. Wanafunzi arobaini na kitu waliliandika kwa maneno yaliyokaribia kufanana. Msichana mmoja aliandika jambo jingine. Aliuliza: kwani kufuata mvua ni tusi? Baba yake hufuata mvua, na babu yake aliifuata, na mtu asiyeifuata katika nchi hii mifugo yake hufa. Kisha akaandika kwamba bibi yake alimweleza habari za siku ambazo watu wa Garbatulla walikatazwa kuifuata mvua, na kwamba kwa maoni yake mkimbizi wa kweli ni yule aliyezuiwa kuhama.

Nikampa sufuri. Pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: "Umetoka nje ya swali."

Msomaji wa mbali huenda asijue alichokuwa akikizungumzia msichana huyo. Wakati wa vita vya Shifta, kuanzia mwaka 1966, serikali iliwakusanya Waborana wa Waso katika vijiji vilivyolindwa na askari, hapa Garbatulla, Merti na Modogashe. Wafugaji waliozoea kuhama na ngamia na ng'ombe wao kulingana na majira walifungiwa mahali pamoja, na mifugo mingi ikafa au kuuawa. Wazee hukiita kipindi hicho daaba, yaani kusimamishwa, kana kwamba wakati wenyewe uliamriwa usiende mbele. Mapatano yalifikiwa Arusha mnamo Oktoba 1967. Mwaka 1970 ikapitishwa sheria iliyowakinga maafisa na askari wasishtakiwe kwa waliyoyatenda kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967 katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika mateso ya enzi hiyo katika ripoti yake ya mwaka 2013. Katika miaka yote hiyo sikumbuki kukutana na swali moja la fasihi lililompa mtoto wa hapa nafasi ya kuyataja.

Najua nitakavyojibiwa. Walimu wenzangu watasema kwamba mtahini hayuko Garbatulla, kwamba anasahihisha karatasi mamia kwa utaratibu aliopewa, na kwamba mwalimu anayewaachia wanafunzi waandike habari za bibi zao anawafelisha kwa makusudi. Hoja hiyo siipuuzi. Mtoto wa mfugaji anayepungukiwa alama moja ya Kiswahili anaweza kukosa nafasi ya chuo, na miongozo imewasaidia wengi katika shule zisizo na maktaba. Mimi mwenyewe nimeinunua na kuifundisha. Ninachokataa ni ile desturi ya kumwambia mtoto kwamba maoni yake si sehemu ya somo. Tungeweza kumwambia: "Haya ndiyo mtahini atakayokuuliza, na hili uliloandika ni lako, lilinde." Sentensi hiyo haichukui hata dakika moja.

Zaidi ya hayo, wanafunzi wanapoachiwa huru husoma kwa makini kuliko tunavyodhani. Kijana mmoja aliwahi kunifuata nje ya darasa kulalamikia mwisho wa Chozi la Heri, pale ndugu watatu waliotenganishwa wanapokutana tena katika furaha kubwa. Alisema kwamba waliopata kupona upesi ni wale waliopokelewa na watu wenye uwezo, kama Mwangeka na mkewe Apondi, na akauliza nani aliyemchukua Kairu, ambaye umaskini wao haukwisha. Sikubaliani naye moja kwa moja. Naamini mwandishi alikuwa na haki ya kuwapa wasomaji waliochoka na msiba siku moja ya kucheka. Lakini swali lake ni zito kuliko mengi niliyowahi kuyatunga mimi, na halikuwa na mahali pa kuandikwa.

Riwaya yenyewe sasa imo bohari. Ilipotoka katika orodha ya mtihani, nakala zetu zilifungwa katika makatoni manne na kusukumwa nyuma ya madawati yaliyovunjika, na mchwa wameanza kula katoni la chini. Ninaona huu ndio wakati wake wa kusomwa, kwa kuwa hakuna tena anayeitafutia alama. Nimemwomba mkuu wa shule nakala thelathini, naye amekubali kwa sharti kwamba tusisome saa za masomo. Tutakutana Jumamosi asubuhi chini ya mgunga ulio kando ya uwanja. Nimewaalika pia wazee wawili walioishi ndani ya ua wa daaba wakiwa watoto. Mmoja ameuliza kama atatakiwa kujua kusoma, nikamwambia la.

Yule msichana alimaliza shule mwaka 2022. Nimesikia kwamba ameolewa upande wa Kinna na ana mtoto mmoja. Nimempelekea ujumbe kumwalika, pamoja na taarifa kwamba alama zake nne bado ninazo mimi. Hajajibu.