Tela Nyuma ya Baisikeli

Msomaji mmoja wa Uthiru, mwenye shamba dogo na ng'ombe wawili, ametuuliza kama yafaa atoe fedha zake kutengenezewa tela la kufungwa nyuma ya baisikeli, au aendelee kufunga mabingobingo kwenye keria kama wafanyavyo jirani zake. Aongeza kwamba mwaka huu ana nia ya kuezeka nyumba, na mabati na mabomba hayakai kwenye keria hata kidogo. Swali hili si dogo, maana ndani yake mna fedha ya mtu na shingo yake pia.

Kila apitaye Kawangware au Kangemi alfajiri ameona baisikeli iliyobeba majani hata mwenyewe haonekani, ila miguu miwili tu. Mzigo ule wote umekaa nyuma ya gurudumu, nao huinua mbele, na usukani unakuwa mwepesi kama wa mtoto. Mzigo mrefu ni mbaya zaidi. Mbao za futi 12 zikifungwa ubavuni humzuia mtu kukanyaga, basi hana budi kushuka na kusukuma. Mabati yakifungwa kwa kukingama hushika upepo wa kila basi lipitalo, na makali yake yako sawa na kiuno cha mtu anayetembea kando ya njia. Sijui kwa nini jambo hili hatulioni kuwa la hatari, labda kwa sababu tumelizoea.

Wengine watasema, mkokoteni upo. Ni kweli, na soko la Wakulima kule Haile Selassie Avenue lisingeendelea hata siku moja bila mikokoteni na mahamali wake. Lakini mkokoteni ni kazi ya mtu mzima kwa kutwa nzima. Ekseli na magurudumu yake ni ya gari, mwili wake ni mbao nzito, nao huvutwa kwa mwendo wa miguu. Kwa mtu ambaye ana shehena moja asubuhi, kisha anatakiwa ofisini au shambani, haufai. Tela hufunguliwa likaachwa nyumbani, na baisikeli ikaendelea na safari zake.

Sasa tulitazame tela lenyewe. Fundi yeyote wa kuchomea vyuma aweza kulifanya, mradi aambiwe mambo matatu au manne ambayo mafundi wengi hawayajui, kwa kuwa wamezoea mageti na madirisha. Kwanza, gurudumu la baisikeli lishikwe pande zote mbili, kama lilivyoshikwa kwenye baisikeli yenyewe. Likining'inizwa kwa upande mmoja, ekseli yake nyembamba itapinda juma la kwanza. Pili, kiungo kishikane na baisikeli chini, karibu na ekseli ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto ambako hakuna mnyororo. Kiungo cha chini ya kiti ni rahisi kutengeneza, lakini mzigo ukiyumba humyumbisha na mpandaji. Tena kiungo kisiwe chuma kitupu. Kipande kinene cha mpira wa tairi la gari, kilichokazwa kwa bolti, hupinda kila upande bila kukatika, na baisikeli ikianguka tela hubaki limesimama. Na pamoja na bolti uwekwe mnyororo mdogo wa akiba, maana tela likichomoka mlimani halichagui litakayemgonga.

Kupakia nako kuna elimu yake. Mzigo uwe mzito kidogo tu mbele ya ekseli ya tela. Uinue mkono wa tela kwa mkono mmoja: ukihisi uzito wa kilo tano hivi, ni sawa. Ukiona unapaa wenyewe, basi nyuma kumezidi, na ukienda hivyo tela litainua gurudumu lako la nyuma na kukunyima breki pale utakapoihitaji.

Hapo kwenye breki ndipo penye jambo lenyewe. Kituo cha reli cha Nairobi kiko karibu mita 1,660 juu ya bahari, na Dagoretti Corner ni karibu mita 1,800. Kwa hiyo mkulima wa upande wa magharibi hushusha mazao mjini akiwa amejaza, na jioni hupanda akiwa mtupu. Kwa mapafu yake ni heri, bali kwa breki ni balaa. Baisikeli zetu nyeusi zile nzito zina breki za fito zinazobana rimu, na mvua ikinyesha rimu ya chuma huteleza kama sabuni. Hamali wa mkokoteni ana hila yake: hunyanyua mikono ya mkokoteni juu, na tairi kuukuu lililofungwa nyuma likaburuta barabarani. Mwenye tela hawezi hivyo, maana pua ya tela imefungwa kwake. Mimi nisingependa mtu ashuke Waiyaki Way na zaidi ya kilo 60 au 70 nyuma yake, hata kama tela laweza kubeba mifuko miwili ya saruji, ambayo ni kilo 100, mahali pa tambarare. Na abane breki kabla ya kona, si ndani ya kona, la sivyo tela litamsukuma ubavuni.

Wenzetu wa Goma, katika Kongo ya mashariki, wana chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kisicho na mnyororo wala kiti. Hubeba mamia ya kilo za viazi na makaa kutoka milimani, nao wamekiheshimu kwa sanamu iliyosimamishwa mjini mwao mwaka 2009. Lakini nacho hupendelea mteremko, na katika kupanda husukumwa kwa jasho.

Kuhusu mizigo mirefu, nampa ndugu yetu kipimo hiki. Apime kutoka ekseli ya tela hadi kiungo, kisha azidishe mara mbili na kupunguza shubiri moja. Huo ndio urefu wa mzigo uwezao kukaa sawa bila kumchoma mgongoni akipiga kona. Tela lenye mkono wa mita moja na nusu na ushei litachukua mabati ya mita tatu bila shida, yakilazwa bapa na kufungwa kwa blada mbele na nyuma, si katikati peke yake, na kitambaa chekundu kikaning'inizwa mkiani. Mabomba ya plastiki ya mita sita ayakate nusu palepale dukani, kwa kuwa hata hivyo yatakuja kuunganishwa kwa soketi. Vyuma vya kujengea, ambavyo huuzwa kwa mita 12 na kukunjwa, avipe lori.

Yako mambo ya barabara ambayo fundi hawezi kuyatengeneza. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini, na sehemu nyingine za Ngong Road zilipopanuliwa zilipata njia za kando. Barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, kutoka Mlolongo hadi Westlands, haipokei baisikeli kabisa. Njia za kando nazo zina vibanda na pikipiki zilizoegeshwa, kwa hiyo tela lisizidi sentimita 75 kwa upana, au mwenyewe atajikuta amerudi katikati ya matatu.

Kwa ndugu wa Uthiru basi, jibu langu ni ndiyo, kama majani huchukuliwa kila siku. Kwa kuezeka peke yake, ni heri akodi gari siku moja. Na hayo mabingobingo ayakate jioni, ayaache yanyauke usiku kucha, maana sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, na hakuna sababu ya kuyasafirisha maji asubuhi.

Barua ya bwana wa Kikuyu juu ya kuhifadhi mahindi itajibiwa juma lijalo.