KUTUNZA MGONJWA NYUMBANI NI UFUNDI



Wako watu wasemao kwamba kumtunza mzee au mgonjwa nyumbani ni kazi ya yeyote mwenye mikono miwili. Sisi hatukubali. Mzee aliyepooza akiachwa kulala upande mmoja kutwa, ngozi yake hukatika na kidonda huchimba mpaka mfupa. Mtunzaji aliyefunzwa humgeuza kila baada ya saa mbili hivi, hutazama mgongo, nyonga na visigino vyake, na huandika alichoona na saa aliyokiona. Humketisha wima kabla ya kumlisha, asipaliwe. Hajiamulii kumpa dawa bila agizo la daktari au nesi. Tena hujua kumwinua kwa nguvu za miguu na kuuhifadhi mgongo wake mwenyewe, maana mgongo ukiharibika, kazi nayo imekwisha. Usione vyaelea, vimeundwa.

Basi mafunzo twayataka, na twawahimiza wanachama wayatafute. Lakini macho yawe wazi. Siku hizi vyuo vya kufundisha kazi hii vimejaa katika miji yetu. Vingine vyafundisha vizuri. Vingine vyauza ndoto: lipa ada leo, kesho upande ndege kwenda Uingereza.

Ukweli ni huu. Mwezi wa Februari 2022 Uingereza iliwafungulia mlango watunzaji kutoka nchi za nje. Tarehe 11 Machi 2024 ikawakataza watunzaji wapya kwenda na mume, mke au watoto. Tarehe 22 Julai 2025 ikaacha kupokea maombi mapya ya watunzaji walio ng'ambo. Yeyote anayechukua ada kwa ahadi ya mlango ule baada ya siku hiyo, na amwambie mwanafunzi habari hizi kwanza. Mama aliyeuza ng'ombe wake ili binti asome hastahili kudanganywa.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mwanachama na aulize maneno manne:

1. Je, chuo hiki kimeandikishwa na TVETA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2013 kusimamia vyuo vya ufundi?

2. Je, mtihani utatolewa na chombo kinachotambuliwa na Serikali, au ni mwenye chuo ajipimiaye mwenyewe?

3. Je, ziko siku za kushika mgonjwa wa kweli, chini ya nesi, au ni daftari na ubao tu?

4. Kama wasema habari za ng'ambo, je, wakala huyo ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira?

Asiyejibu sawasawa, mwacheni. Aliyejibu, ombeni stakabadhi.

Sasa twageukia matajiri. Sheria yamtaka mwajiri alipe shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa kila mwezi wa kazi katika mfuko wa mafunzo wa NITA, nazo hutoka mfukoni mwake, si katika mshahara wa mtu. Tena mwajiri aliyelipa aweza kuomba arudishiwe gharama za mafunzo yaliyokubaliwa. Kwa hiyo kampuni zinazoajiri watunzaji na kuwapeleka majumbani hazina sababu ya kumwambia mfanyakazi ajisomeshe kwa mkopo.

Tusiwasahau dada na kaka zetu waliotunza wagonjwa miaka kumi au ishirini bila kuingia darasani. Fundi wa mawe hupimwa na NITA kwa kazi ya mikono yake, akapewa daraja lake. Twadai watunzaji nao wapimwe vivyo hivyo, wapewe cheti kwa yale wanayoyajua.

Mwisho, cheti na kilete mshahara. Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 chatupa haki ya ujira wa haki, hali njema za kazi, na kujiunga na chama. Mtu aliyejifunza kuzuia vidonda na kuokoa uhai hawezi kulipwa kama ambaye hakujifunza. Cheti kisichoongeza mshahara ni karatasi ya kufungia sukari.

Wanachama wote wanaofanya kazi hii, walio na cheti na wasio nacho, na wafike katika afisi ya tawi na barua zao za kazi na stakabadhi za ada. Tukijua hesabu yetu, tutaingia katika mazungumzo na matajiri tukiwa na nguvu. Mmoja mmoja tutaambiwa, "Mlango ule pale." Tukiwa pamoja watavuta viti tuketi.

Umoja ni nguvu.