Bwati ya vitesi hainunuliwi kwa macho



Juma hili sitaandika juu ya sabuni wala juu ya uji wa watoto. Nitaandika juu ya chuma. Msicheke. Wengi kati yenu mnajua gari ya kikundi chetu cha samaki: Land Cruiser ya zamani, ya miaka ya 1980, mota ya dizeli ya silinda 4. Ndiyo inayotushusha Kasenyi na kuturudisha na samaki wetu. Feza ya masomo ya watoto wetu inapita ndani ya gari hiyo.

Bwati yake ya vitesi ilianza kulia. Tulisikia, tukanyamaza, kwa sababu ilikuwa bado inatembea. Kisha vitesi ya pili ikaanza kuruka yenyewe. Siku moja tulikuwa tumepita Bogoro, tunateremka, ikaruka tena. Gari ikaanza kukimbia. Dereva akakanyaga freni mpaka zikatoa moshi. Ilisimama, Mungu asifiwe, na hakuna aliyeumia. Lakini wamama wawili walishuka na kurudi Bogoro kwa miguu, na sisi wengine hatukuwalaumu.

Fundi alitueleza hatari yenyewe. Bunia iko juu, zaidi ya mita 1200. Ziwa Albert liko kwenye mita karibu 620. Mteremko wa namna hiyo hauwezi kushikwa na freni peke yake, maana freni ikipata moto sana inapoteza nguvu. Kinachoshika gari ni mota, kupitia vitesi ya chini. Vitesi ikiruka, hakuna tena kinachoishika gari isipokuwa freni.

Tulikutana kwenye baraza. Likelemba yetu ilikuwa na feza, na wengine walisema: tuigawe, Septemba inakuja, masomo yanatungoja. Walikuwa na haki. Lakini mama mzee wa kikundi aliuliza swali moja tu: "Mwaka ujao mtalipa masomo kwa samaki gani, kama hatuna gari?" Tukakubali kununua bwati.

Bwati yetu ya zamani ilikuwa H42, ya vitesi 4. Fundi alisema tunaweza kuweka H55F, ya vitesi 5, ambayo Toyota ilitia katika Land Cruiser nyingi. Tofauti yake ni hii. Katika vitesi ya kwanza ya H42, mota inazunguka mara 3,555 ili shafti inayotoka izunguke mara 1. Katika H55F inazunguka mara 4,843. Maana yake vitesi ya kwanza ina nguvu zaidi ya theluthi moja kupanda na mzigo, na kushuka inashika gari vizuri zaidi. Nayo vitesi ya 5 ni 0,845: kwenye njia iliyonyooka, kwa mwendo uleule, mota inazunguka kidogo kuliko katika vitesi ya 4. Inapumzika. Lakini vitesi ya 5 si ya mlima.

Hapo ndipo tulikaribia kupoteza feza. Muuzaji mmoja alituletea bwati iliyosafishwa, inang'aa, akasema, "Hii ni ya Land Cruiser." Feza ilikuwa tayari imefungwa kwenye kitambaa. Fundi akafika, akaipima: kloshi yake haikuingia kwenye mota yetu, na meno ya shafti hayakukubaliana na diski yetu ya ambrayaji. Ilikuwa ya Land Cruiser kweli, lakini ya mota nyingine. Kama tungelipa asubuhi ile, tungebaki na chuma cha kukalia.

Basi, mama ambaye bwana wake, mtoto wake au kikundi chake kina gari ya zamani, andika maswali haya kwenye daftari kabla ya kufungua kitambaa:

Kwanza, kloshi inaingia kwenye mota yetu? Ipimwe, isikisiwe.

Pili, meno ya shafti yanaingia kwenye diski ya ambrayaji? Diski ikiwa imechoka, ibadilishwe sasa, kwa sababu bwati ikiwa chini kazi ni moja.

Tatu, bwati inakuja pamoja na transferi yake, ile yenye krabo? Ukinunua bila transferi, hakikisha ya zamani inakubaliana nayo.

Nne, kardani itafanywa nini? H55F ni ndefu kuliko H42. Transferi inasogea nyuma kidogo, kwa hiyo kardani ya nyuma inafupishwa na ya mbele inarefushwa. Anayeunganisha kwa moto lazima ainyooshe na kuisawazisha, la sivyo gari itatetemeka na misalaba itakufa. Gharama hiyo iandikwe tangu mwanzo.

Tano, mafuta ya ndani yanaonyesha nini? Mwaga kidogo kwenye sahani. Unga laini wa chuma ni uzee wa kawaida. Vipande vya meno ni ugonjwa.

Sita, feza inatoka namna gani? Sisi tulilipa nusu, na nusu ya pili baada ya kujaribu gari mlimani ikiwa na mzigo. Mama wawili walitia sahihi, si mmoja.

Kazi ilichukua siku nne. Kardani ndiyo iliyotuchelewesha. Safari ya kwanza tuliwaomba wale wawili waliorudi Bogoro wakae mbele, karibu na dereva. Kwenye mteremko aliweka vitesi ya kwanza kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Mota ikanguruma, gari ikashuka polepole, na mguu wake ukagusa freni mara chache tu. Mmoja wao alianza kusinzia.

Masomo ya Septemba bado hayajatimia. Tutayatafuta samaki kwa samaki. Na kama gari yenu imeanza kulia, msinyamaze kama sisi.

Tuonane juma lijalo.