Salamu Isiyo na Mwenyewe

Kila usiku, tangu Moi Avenue hadi Kangemi, vijana wa Nairobi hushika simu zao, wakafungua programu za kutafutia wachumba, wakatazama picha ya mtu wasiyemjua, wakamwandikia neno moja: "Sasa." Wengine huandika "Mambo," wengine "Niaje," na wale wajionao wamestaarabika kuliko wenzao huandika "Hi." Baada ya hapo huweka simu chini, wakangoja mapenzi yaje. Nataka kukuonyesha, msomaji, kwamba neno hilo si salamu, ijapokuwa limevaa nguo za salamu; na kwamba anayelituma hakosi adabu tu, bali hudhulumu mtu mwingine kitu kilicho chake.

Pengine utauliza kwa nini jambo hili liletwe mbele ya wanafunzi. Ni kweli kwamba programu hizo si zenu. Tinder, iliyoanza mwaka 2012, ilifunga mlango wake kwa walio chini ya miaka 18 mwaka 2016, na ilikuwa haki kuufunga. Walakini mkono uandikao haungoji umri huo ndipo ujifunze. Wajifunza sasa, katika jumbe unazowapelekea wenzako wakati wa likizo, na namna utakavyomwendea mtu usiyemjua miaka mitano ijayo yafanyizwa leo.

Watetezi wa neno hili wana hoja moja waipendayo sana. Husema: salamu ni ada yetu; hatumkabili mtu kwa haja kabla ya kumsalimu; basi kosa la "Sasa" ni lipi? Hoja hiyo ina sura nzuri, lakini haifahamu salamu ni kitu gani. Itazame hodi. Mtu hufika mlangoni pa nyumba ya watu akabisha hodi. Aliye ndani huuliza, "Nani?" Mgeni akijibu "Mimi," huulizwa tena, "Mimi nani?" na komeo haliondoki mpaka jina litajwe. Nami nasema juu ya mgeni mwenye mwili, ambaye sauti yake yasikika na jirani amemwona akipita. Watu wawili wakikutana mbele ya Jumba la Nyaraka za Taifa, pale ambapo watu wengi wa Nairobi hupeana miadi, "Sasa" latosha kabisa. Macho yamekwisha kusema, mkono umekwisha kunyoshwa, na kila mmoja aona kama mwenziwe amechoka au amefurahi. Neno hapo ni chumvi; chakula kimo sahanini. Katika simu chakula hakimo. Atumaye neno lile peke yake humwandalia mwenziwe chumvi katika sahani tupu, kisha humlaumu kwa kutokula.

Watu wa zamani waliijua tofauti hiyo. Barua za Kiswahili za pwani, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo Carl Büttner alichapisha baadhi yake Ujerumani mwaka 1892, zilianza kwa kumtaja mpelekewa kwa jina na heshima yake, zikaeleza salamu zatoka kwa nani, zikatoa hali ya mwandishi, ndipo zikaingia katika haja. Msomaji wa leo huziona ndefu. Ndefu zilikuwa, na baadhi ya sifa zake zilikuwa za mazoea tu. Siwezi kuzitetea zote. Lakini aliyeandika alijua kwamba karatasi haina uso, akaipa uso kwa maneno.

Wala huna haja ya kurudi mbali hivyo. Waulize wazazi wako juu ya vipindi vya salamu vya redio, vilivyotangazwa kutoka Jumba la Utangazaji lililo Harry Thuku Road, wakati wa Sauti ya Kenya na hata baada ya mwaka 1989 iliporejea kuitwa Shirika la Utangazaji la Kenya. Msikilizaji alinunua kadi, akaijaza kwa mkono jina lake na mahali alipo, akaorodhesha majina ya wale awasalimuo, akaitia posta. Hodari wa kazi hiyo walijulikana mbali na kwao kwa majina yao ya redioni. Zilikuwa salamu za watu wa kawaida, tena nyingi zilifanana kama punje za mtama. Hata hivyo kila moja ilikuwa na mwenyewe, na ilikuwa na pa kwenda.

Sasa tuseme kweli juu ya sababu. Neno moja halitumwi kwa kuwa mtumaji ni mpole, wala kwa kuwa hana la kusema. Hutumwa kwa kuwa amefanya hesabu. Asema moyoni: nikiandika sentensi tano nisijibiwe, nimepoteza sentensi tano, nikiandika neno moja, nimepoteza neno moja, tena kwa muda ule ule naweza kuwaandikia watu arobaini. Hesabu hiyo yaonekana kuwa sahihi kwa mtu mmoja, nayo ni maangamizi kwa wote. Mfikirie msichana aliye karani wa ofisi huko Upper Hill, afikaye kwake Kawangware saa mbili za usiku. Hufungua simu akakuta "Sasa" thelathini. Ajibu ipi? Hakuna iliyo na jina lake, hakuna ionyeshayo kwamba mwandishi amesoma mistari mitatu aliyojieleza kwayo, hakuna ambayo haingeweza kupelekwa kwa mwingine bila kubadilishwa herufi. Kila moja yamdai afanye kazi yote: atafute la kuzungumza, amchangamshe mgeni, amwulize jina ambalo mgeni angeweza kulitaja mwenyewe. Akijibu "Poa," aletewa "Unafanya nini?" Basi hunyamaza. Vijana wakiona kimya hawaongezi maneno, huongeza hesabu ya watu. Naye huletewa sitini badala ya thelathini, akazidi kunyamaza. Kisha kila upande husema kwamba watu wa upande wa pili wameharibika.

Wakati mmoja ufupi ulikuwa na udhuru. Ujumbe wa kwanza wa maandishi katika simu ulipelekwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, nao ulikuwa salamu ya Krismasi ya maneno mawili. Ujumbe wa namna hiyo haukuweza kupita herufi 160, na hapa kwetu kila mmoja ulilipiwa. Asiyekuwa na fedha alibipu: alipiga simu ya mwenziwe, akaikata kabla haijapokelewa, ili mwenziwe apige na kulipa yeye. Tulicheka, tukasamehe, kwa kuwa mfuko ulikuwa mtupu. Leo sentensi tano hazina bei kubwa kuliko neno moja. "Sasa" iliyotupwa kwa mtu usiyemjua ni kubipu kwa maneno: yagusa, yakata, yangoja mwingine alipe, na alipacho si shilingi, bali fikira zake za jioni baada ya kazi ya kutwa.

Wako watakaosema kwamba lawama ni ya Sheng. Mimi sisemi hivyo, na anayesema hivyo hajapata kusimama kituoni na kusikiliza. Utingo wa gari la nambari 46 atakaye abiria wa Kawangware hasemi "Gari" akanyamaza. Hutangaza gari liendako na njia lipitako, hutaja nauli, huapa kwamba vimebaki viti viwili (pengine vimebaki kumi), na akimwona mama mwenye mzigo humwita kwa habari ya mzigo wake. Amemtazama mtu kabla ya kumwita. Ikiwa kiti cha gari chastahili juhudi hiyo, ni ajabu kwamba mchumba hastahili hata nusu yake.

Wala usidhani kwamba nawashitaki wanaume peke yao. Programu iitwayo Bumble ilianza mwaka 2014 kwa sharti kwamba, kati ya mwanamume na mwanamke, mwanamke ndiye aandike kwanza. Mwaka 2024 kampuni yenyewe ililegeza sharti hilo, ikamruhusu mwanamke kuweka swali tayari ili mwanamume alijibu. Sharti lilibadili zamu ya kusema. Cha kusema halikuweza kumpa mtu.

Hapa mjanja mmoja atainua mkono. Atasema kwamba yeye hatumi neno moja. Ana aya nzima, tamu, yenye mwezi na nyota, aliyoandikiwa na mashine zitungazo maneno, naye huipeleka kwa kila msichana wa Kileleshwa na Lavington. Kijana huyo ni ndugu wa yule wa "Sasa," baba mmoja mama mmoja, ila amevaa suti. Sikupata kusema kwamba dawa ni urefu. Mistari miwili iliyoandikwa kwa ajili ya mtu mmoja yapita aya iliyoandikwa kwa ajili ya yeyote. Na mwanamke akijibu ile aya, kijana atalazimika kuirudia mashine kwa jibu la pili na la tatu, mpaka siku ya kuonana uso kwa uso, ambapo atakuwa peke yake.

Liko jambo zito kuliko yote hayo. Januari 2024 Nairobi ilishtushwa na mauaji ya wasichana katika vyumba vya kupangwa kwa siku, na tarehe 27 ya mwezi huo maelfu ya watu, wengi wao wanawake, waliandamana katikati ya mji kupinga mauaji ya wanawake. Katika mji huo, mwanamke aulizaye "Wewe nani?" haringi, aulizia uhai wake. Anayemletea neno tupu, picha ya miwani ya jua na jina la kubuni, kisha akakasirika kwa kutojibiwa, ataka aaminiwe bure. Sisemi kwamba mwenye kuandika vizuri ni mwema. Laghai naye huandika, tena aghalabu huandika kuliko sisi. Kwa hiyo hata barua nzuri haiondoi haja ya kuonana mchana, mahali penye watu, na ndugu akiwa na habari. Lakini mtu wa haki asimwachie laghai peke yake adabu ya kujitambulisha.

Basi aandike nini? Ataje jina lake, aseme akaa au afanya kazi upande gani, kisha aguse kitu kimoja ambacho mwenziwe amekieleza. Msichana ameandika kwamba hupenda kusoma vitabu. Kijana aweza kumwandikia kwamba yeye huitwa fulani, ni fundi wa umeme wa Uthiru, na kwamba hupita kila siku karibu na Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, bila kujua ndani mna vitabu gani. Je, yeye amepata kuingia? Hapo pana mtu, pana mahali, pana swali ambalo karani wa Upper Hill aweza kulijibu akiwa amechoka. Asipotaka kujibu, anyamaze, na kijana asimwandikie tena.

Asiambie mtu kwamba hana nafasi. Barabara ya juu itokayo Mlolongo hadi Westlands ilifunguliwa mwaka 2022, lakini jioni ya mvua magari ya abiria huku chini, Waiyaki Way, bado husimama mpaka dereva akazima injini. Kijana aliye katika kiti cha nyuma, simu mkononi, amekwisha kutuma "Sasa" ishirini kabla gari halijafika Kangemi.