TUTAZAME ULIMWENGU: Joto Lipitalo Bombani

Leo twende Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, katika bara la Asia. Mwezi wa Januari baridi ya huko hushuka usiku hata digrii 30 chini ya sifuri, na mto Tuul huganda.

Katikati ya mji upo uwanja mpana uitwao Sukhbaatar. Mbele ya jumba la serikali imewekwa sanamu ya Chinggis Khan, ameketi kitini. Upande mmoja upo ukumbi wa opera, ambao mateka wa Kijapani walitumikishwa kuujenga baada ya vita vya 1939-1945. Karibu na hapo zimepangwa nyumba za ghorofa za siku za wakomunisti. Kwa macho hazipendezi. Lakini ingia ndani! Nje ni barafu, na mama wa nyumba amevaa nguo nyepesi. Hakuna kuni wala moshi. Maji huchemshwa katika viwanda vya umeme, kisha hupita katika mabomba marefu chini ya mji, na kutia joto kila chumba, tangu 15 Septemba mpaka 15 Mei. Kweli, viwanda hivyo pia hula makaa ya mawe.

Lakini mabomba hayafiki vilimani, ambako hukaa watu wengi wa mji. Wengi walikuwa wachungaji. Baridi kali iliua mifugo yao, wakaja na mahema yao ya duara, yaliyofunikwa kwa sufi nzito ya kondoo. Umbo hilo hilo limepewa kanisa kuu la Kikatoliki la huko. Wamisionari wa Scheut, tuliowajua Kongo tangu 1888, walifika Ulaanbaatar mwaka 1992.

Huko mbugani hema ni makao mema kabisa. Mjini, maelfu ya majiko huwaka pamoja, na moshi hulala bondeni kama kifuniko juu ya chungu. Humkohoza mtoto wa hemani na wa ghorofani vilevile. Mwaka 2019 serikali ilikataza makaa ghafi, ikaleta yaliyosagwa na kushindiliwa. Moshi ukapungua, lakini mwaka ule ule watu kadhaa walikufa kwa hewa ya sumu isiyo na harufu, itokayo jikoni.

Nyumba ya ghorofa ni ghali kwa mchungaji aliyepotewa na mifugo. Basi huamka usiku, hutia makaa, hulala tena.