Bodaboda ya Bure, Kura ya Nani?

Najua umezoea kunisoma nikichambua mapenzi, mavazi na vituko vya kwenye daladala. Leo hayo nayaweka kando kidogo, nataka tupige stori za kura. Usikunje sura na kukimbilia ukurasa wa michezo! Stori yenyewe ina pikipiki, ina bibi kizee, na ina binamu yangu aliyeingizwa mjini kiulaini kabisa.

Ilikuwa Ifakara, Jumapili ya tarehe 25 Oktoba 2015. Mimi nilikuwa bado denti, umri wa kupiga kura haujanifikia, lakini mchecheto nilikuwa nao kuliko wenye vichinjio vyao mfukoni. Binamu yangu alikuwa anapiga bodaboda pale Kibaoni. Chama chake sitakitaja, ila ukisoma mpaka chini utajua mwenyewe. Wakubwa wa chama walimjazia tenki na kumpa kazi moja tu: toa watu majumbani, peleka kituoni. Wakamwambia, "Foleni ikiwa ndefu, dogo, ujue tumeshachukua nchi."

Jamaa akaamini. Tangu saa moja asubuhi vituo vinafunguliwa yeye yuko barabarani. Kabeba mama wenye watoto mgongoni, kabeba wazee wenye mikongojo, kabeba hata mlevi mmoja aliyekuwa anauliza kama huko waendako kuna komoni. Hamlipishi mtu hata senti tano. Mimi nilikuwa kondakta wake, kazi yangu kugonga milango na kubembeleza.

Ilipofika kama saa nane mchana tukaambiwa kuna bibi mmoja mitaa ya nyuma, miguu inamsumbua, hajatoka. Tukamfuata mbio. Tukapanda mshikaki, binamu mbele, bibi katikati, mimi nyuma nimemshikilia kama gunia la mpunga. Kituoni watu wakampisha, akapiga kura yake, tukamrudisha mpaka barazani. Pale ndipo akatushukuru.

"Mungu awabariki wajukuu zangu. Nilishajua mwaka huu kura yangu imelala. Basi nimempa yule yule wa chama changu, tangu enzi za Mwalimu sijabadilisha."

Binamu nusura aingie mtaroni na pikipiki yake! Njia nzima hakusema neno. Tulipofika kijiweni akaniuliza swali moja tu: "Hivi wale wengine wote niliowabeba tangu asubuhi, nani kawauliza?"

Swali hilo ndilo limenifanya nishike kalamu leo. Kila ukikaribia uchaguzi, vijiweni husikii kingine. Utaambiwa, watu wakijitokeza kwa wingi, fulani ameshapita. Kwamba ushindi wa nchi nzima ni ishu ya kujaza foleni tu. Ni kweli, au tunazugana?

Tulia nikupe hesabu. Usiogope, mimi mwenyewe hesabu za Form Four zilinitoa jasho, lakini hizi ni za kujumlisha na kutoa tu. Zote ni za Tume ya Uchaguzi.

Mwaka 2010 waliojiandikisha nchi nzima walikuwa milioni 20.1. Waliopiga kura ni milioni 8.6 tu, yaani asilimia 42.8. Zaidi ya nusu hawakuonekana. Jakaya Kikwete wa CCM alipata kura 5,276,827, Dk. Willibrod Slaa wa Chadema 2,271,941, na Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF 695,667. Pengo kati ya Kikwete na Slaa lilikuwa milioni 3 na ushee. Wapinzani wakasema, laiti wale waliolala wangeamka!

Basi mwaka 2015 wakaamka. Waliopiga kura walifika milioni 15.6, asilimia 67. Hebu fikiria, kura zimeongezeka milioni saba kwa mpigo. John Magufuli akapata 8,882,935, na Edward Lowassa, aliyetoka CCM miezi michache tu kabla na kusimama kwa Chadema na UKAWA, akapata 6,072,848. Pengo? Milioni 2.8. Yaani milioni saba wameingia kwenye foleni, na pengo limepungua kwa kama laki mbili tu!

Na bado. Mwaka 2015 CUF nayo ilikuwa ndani ya UKAWA. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha kwa haki, zile kura za Slaa na Lipumba za 2010 zijumlishe. Hapo utakuta pengo la 2010 lilikuwa milioni 2.3. Kwa hesabu hiyo halikupungua kabisa, liliongezeka kwa kama laki tano. CCM iliongeza kura milioni 3.6, wapinzani wakaongeza milioni 3.1. Ni yale yale ya bibi yetu kwenye mshikaki. Aliyeamka hakuamka na kadi ya aliyemwamsha.

UKAWA waliyakataa matokeo yale, na Katiba yetu haimruhusu mtu kupeleka matokeo ya urais mahakamani. Hilo ni kasheshe jingine. Mimi nazungumzia imani ile ya kijiweni, kwamba foleni yenyewe ina chama. Foleni haina chama. Shangazi yangu analima mpunga ng'ambo ya mto, na yeye ana lugha yake. Anasema mvua ikinyesha bondeni hainyeshi shambani kwako peke yako, na atakayevuna ni aliyepanda.

Tena kuna waliopanda hapa hapa. Mwaka 2010 marehemu Regia Mtema, binti wa Chadema, aligombea ubunge wa Kilombero akashindwa, akaingia bungeni kwa viti maalum. Januari 2012 akafariki kwa ajali ya gari. Mwaka 2015 jimbo lile lile likaenda kwa Peter Lijualikali wa Chadema, na jirani pale Mlimba akapita Susan Kiwanga, naye wa Chadema. Yaani siku ile ile chama kinashindwa urais, bondeni kimezoa majimbo mawili. Ukiniuliza mimi, bodaboda za bure hazikutosha kufanya kazi hiyo. Watu walikuwa wameshazoeshwa jina na hoja kwa miaka, na waliokwenda kituoni walikuwa wanajua wanakwenda kufanya nini.

Sasa usije ukasema naponda kujitokeza. Reli ya TAZARA inayopita hapa Ifakara na Mlimba inakwenda mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Tuifuate kidogo, kuna somo huko.

Mwaka 2016 Wazambia waliopiga kura walikuwa kama asilimia 56. Edgar Lungu alimshinda Hakainde Hichilema kwa kama kura laki moja tu. Mwaka 2021 wakajitokeza kama asilimia 70. Lungu akapata kura zake zile zile, milioni 1.8 na ushee, utadhani kazitunza kwenye sanduku. Lakini Hichilema akaruka kutoka milioni 1.7 na ushee mpaka milioni 2.8. Karibu ongezeko lote la kura lilimwendea mtu mmoja, na Ikulu ikabadilisha mpangaji.

Kwa nini kwao iwezekane? Kwa sababu vijana wa kule walikuwa na kidonda kimoja. Bei zimepanda, kwacha imeporomoka, kazi hakuna, na mwaka 2020 nchi ilishindwa kulipa madeni yake. Aliyetoka nyumbani alitoka na hasira ile ile ya jirani yake. Pikipiki ilikuwa ya kumfikisha tu, sababu alishakuwa nayo.

Na Kenya je? Mwaka 2022 William Ruto alimpita Raila Odinga kwa kura 233,211. Wakati huohuo, Wakenya zaidi ya milioni saba waliojiandikisha hawakupiga kura. Hapo ndipo kujitokeza kunapouma. Mchezo ukiwa wa bao moja, hata aliyelala usingizi ngomeni kwako anaweza kukutoa machozi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kuongeza watu kwenye foleni kunashindisha pale ambapo wagombea wamekaribiana na unayemwamsha unamjua yuko upande wako. Ukiamsha kila mtu gizani, unamfanyia na mpinzani wako kazi ya bure.

Lakini kuna jambo la tatu, na hili si la utani. Foleni ina maana pale ambapo kuna wa kuchagua na kura zinahesabiwa mbele ya macho ya pande zote. Mwaka 2000 walijitokeza asilimia 84, CCM ikashinda. Mwaka 2020 walijitokeza nusu tu, CCM ikashinda kwa asilimia 84, huku wapinzani wakilia kwamba wagombea wao walienguliwa na mawakala wao kuzuiwa. Tarehe 29 Oktoba 2025 Chadema haikuwemo kwenye karatasi ya kura, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Tume ikatangaza kwamba walijitokeza asilimia 87 na Rais Samia Suluhu Hassan kapata karibu asilimia 98. Waangalizi wa SADC walisema uchaguzi ule haukufikia viwango vyao. Siku ile na zilizofuata kulikuwa na vurugu, intaneti ikazimwa, na watu walipoteza maisha. Hao hawataingia kwenye foleni yoyote tena. Sasa niambie, asilimia za kujitokeza peke yake zinakueleza nini?

Tusiwaseme tu wanaobaki nyumbani. Hapa bondeni mwezi Oktoba mkata miwa yuko Kidatu kwenye msimu, mvuvi yuko dago, na kijana wa Ifakara kaenda Dar kutafuta maisha. Kura unapiga ulikojiandikishia. Nauli ya kurudi ni msosi wa wiki nzima. Mtu wa namna hiyo ukimwita mvivu unamwonea. Kama hukuhamisha taarifa zako daftari lilipokuwa linaboreshwa, umeshajitoa kwenye mchezo kabla ya filimbi. Kwa hiyo washkaji, hilo la daftari tulifanye mapema. Halafu yule anayekuja na pikipiki ya bure mwulize anataka kufanya nini kuhusu bei ya mpunga, ajira na hiyo hesabu ya kura zenyewe. Akijibu longolongo, panda pikipiki yake, kapige kura unayotaka wewe.

Namalizia na bibi. Mwaka 2020 binamu alikataa katakata kumbeba mtu. Akasema hana mafuta ya kuchezea. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa napiga kura yangu ya kwanza. Asubuhi nikapita mitaa ya nyuma, nikamkuta bibi amekaa barazani, kajifunga kitenge chake cha kutokea, kichinjio kiko mkononi.

"Pikipiki inakuja saa ngapi, mjukuu wangu?"

Nikakosa la kumwambia. Nikaenda kuazima baiskeli, nikamkalisha kwenye keria, nikawa naikokota taratibu mpaka kituoni, jua la Ifakara linatupiga utosini. Kila mtu akaingia na la moyoni mwake. Tulipotoka hakuniuliza, nami sikumuuliza. Lakini najua, na yeye anajua, kwamba kura yangu na yake zilifutana pale pale.

Nilipomfikisha kwake akanipa chai na mihogo. Binamu aliposikia akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia nimefanya kazi ya hasara. Labda kweli. Ila mimi sikumpeleka bibi ili chama changu kishinde. Nilimpeleka kwa sababu alikuwa ameshavaa kitenge, na kura ilikuwa yake.

Haya, kwa leo naishia hapo. Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu ya mapenzi na mahari. Panapo majaliwa tukutane hapa hapa, ciao!