Barabara Ipitike Masika na Kiangazi



Mchele wa Bonde la Kilombero unapikwa katika nyumba nyingi za Morogoro na Dar es Salaam. Hata hivyo, masika yanapoanza, mkulima aliyeulima mpunga huo hujikuta kama mtu wa kisiwani. Mito Mnyera, Ruhuji na Furua hufurika, udongo wa mbuga hugeuka tope na magari hukoma. Lori moja likithubutu kufika kijijini, mwenye lori ndiye apangaye bei. Mama mjamzito hupakiwa kwenye baiskeli au mtumbwi, naye humwomba Mungu afike salama.

Si kwamba hakuna lililofanyika. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, iliwafungulia njia watu wa Mngeta na Mlimba. Daraja la Mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa Mei 2018, likaondoa hofu ya kivuko kilichopinduka Januari 2016. Lami kutoka Kidatu, karibu kilometa 67, imefika Ifakara na ilizinduliwa Agosti 2024. Tunashukuru kwa dhati. Lakini bonde haliishii Ifakara. Juni 2023 Serikali ilitia saini mikataba ya barabara saba nchini, ukiwamo wa njia ya Ifakara, Lupiro, Malinyi na Londo hadi Lumecha, mkoani Ruvuma. Aprili mwaka uliofuata, mafuriko yaliwakumba wananchi wa Malinyi na Mlimba, nao walikuwa bado hawana barabara ya uhakika ya kuwatoa majini.

Kudai barabara inayopitika mwaka mzima ni kudai haki. Ila haki hiyo haikamiliki tusipouliza inapangwaje, na pamoja na nani.

Kwanza ni maji. Tuta lililoinuliwa katikati ya mbuga laweza kugeuka ukuta. Makalavati yakiwa machache au membamba, upande mmoja mashamba na nyumba huzama. Upande wa pili mabwawa ya samaki hukosa maji. Bonde hili limeorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2002, kwa kuwa ni ardhioevu yenye thamani kwa dunia nzima. Wazee wa Kindamba, waliopiga makasia humu tangu utoto, wanajua maji yalipita wapi mwaka gani. Mpimaji ajaye kiangazi huona ardhi kavu tu. Asipowauliza hao, atachora barabara ambayo mto utaisahihisha.

Pili ni ardhi. Mara nyingi wanunuzi wa mashamba hutangulia kabla ya greda. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Na anayetwaliwa ardhi yake kwa halali anastahili fidia kamili, ya haki na isiyocheleweshwa. Tena, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati. Heri kulijua hilo kabla ya kujenga kuliko kuwekewa alama ya X ukutani. Njia za mifugo nazo zipangwe mapema, ili mkulima na mfugaji wasije wakagombana kando ya lami.

Papa Paulo VI, katika waraka wake Populorum Progressio wa mwaka 1967, alifundisha kwamba maendeleo ya kweli humjenga kila mtu, na kumjenga mtu mzima. Basi kila Jumuiya Ndogondogo ifanye haya: iandike mahali maji yalipofika Aprili 2024 na kuwapelekea TANROADS na TARURA kupitia serikali ya kijiji, idai ramani ibandikwe mahali pa wazi na kuelezwa kwa Kiswahili, iwasindikize wajane na wasiojua kusoma siku ya uthamini, asiwepo atakayeweka dole gumba kwenye karatasi ambayo hajasomewa.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji watu wanaohudhuria mikutano ya kijiji, wanaouliza kwa adabu, na wasiochoka kurudi kuuliza tena.